Mtungi wa Mbegu

Mdogo wangu alinitumia ile video saa nne asubuhi nikiwa kwenye cherehani, na chini yake akaweka vikatuni vitatu vya kucheka. Maji ya mvua yalikuwa yamejaa kwenye korido ya nyumba za kupanga kule Likoni. Malapa yalikuwa yanaelea, ndoo imepinduka, na katikati ya maji yale samaki mweusi mwenye sharubu alikuwa akijipindapinda kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Nyuma ya simu sauti ya mwanamume ilisema, "Huyu anatafuta chumba," na watu wakaangua kicheko.

Hata wewe, rafiki yangu, ungecheka. Mimi nilizima cherehani nikalia, tena kwa sauti, mpaka wenzangu tunaoshona nao sare za viwandani hapa Chaani wakaja kunipa pole wakidhani nimefiwa. Sikuwakatalia. Ningewaambia nini? Kwamba nimemwona kambare?

Korido ile imejengwa juu ya ziwa letu.

Usilitafute kwenye ramani, hutalipata. Kwa nusu ya mwaka hata sisi hatukuwa nalo. Lilikuwa bonde la mpunga, mwendo wa kama nusu saa kwa mguu kutoka Timbwani, upande wa juu likipakana na minazi ya bibi yangu na upande wa chini na mikoko. Kati ya bonde na mikoko kulikuwa na boma la udongo lililofika kiunoni, ambalo wanawake wa kwetu walilitengeneza kila mwaka kwa majembe na nyimbo. Masika yakianza, maji yalishuka kutoka kila upande. Kwanza vilitokea vidimbwi, vidimbwi vikaungana, na asubuhi moja unaamka unakuta ziwa zima limelala pale palipokuwa na vumbi wiki tatu nyuma, na vyura wanapiga kelele mpaka mwadhini hasikiki vizuri.

Mimi nililelewa na bibi huyo, mama yake mama. Mama alifanya kazi ng'ambo, Changamwe, akawa anakuja siku za Ijumaa na mkate wa mayai na uchovu. Kwa hiyo kila ninachokijua kuhusu maji nilikitoa kwa bibi, na bibi alisema ziwa letu halikuwa moja. Kila mwaka, alisema, huja ziwa lake, na kila ziwa huja na watu wake. Kwa "watu" alikuwa na maana ya samaki.

Mvua zikiwahi, zikanyesha polepole, maji yalitulia na kuwa meupe, ukaona vidole vyako vya miguu chini. Mayungiyungi yalichanua, na huo ukawa mwaka wa perege, maana perege anapenda kuona anakokwenda na anataka majani ya kuwafichia watoto wake. Mvua zikichelewa kisha zikamwagika zote kwa pupa, maji yalikuwa mekundu, majani yalioza chini, na ukipita ukingoni harufu ilikupiga puani. Perege walipanda juu wakitweta, wengi wakafa. Hapo kambare ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Yeye hajali tope. Hewa ikimwishia chini, anapanda juu, anavuta pumzi yake kama mimi na wewe, anarudi zake. Na mara chache, bamvua kubwa la bahari lilipokutana na mvua kubwa, maji ya chumvi yaliruka boma, nasi kwa wiki mbili tatu tukapata mikizi wanaorukaruka katikati ya mpunga kama watoto waliofunguliwa shule. Mvua iliyofuata iliwarudisha kwao.

Bibi alijua ni mwaka wa nani kwa kuonja. Alifunga kanga yake vizuri, akaingia maji ya magoti, akachota kiganjani, akayazungusha mdomoni vile anavyoonja mchuzi, akatema pembeni. Nasi wajukuu tulimngoja ukingoni. Akisema "Matamu," tulijua migono itategwa karibu na majani. Akisema "Mazito," ilitegwa kwenye kina. Mgono, kama hukuwahi kuuona, ni kapu refu la fito ambalo samaki huingia kwa urahisi na kutoka akashindwa. Akisema "Yana chumvi," basi alicheka, akatupa kanga kuukuu tuikamate pembe nne, twende tukachezee mikizi.

"Mimi sichagui kitoweo," alikuwa akisema. "Maji ndiyo yanayonichagulia."

Watu wa mjini, kisiwani, walitucheka. Walituita wala tope. Shangazi mmoja wa huko alikuja kututembelea, akafunika pua alipoona kambare wanakaushwa juu ya uchaga jikoni, moshi wa kuni za mikoko ukiwapanda. Jioni bibi akampikia kambare wale wale kwa nazi nzito, kwa wali wa mpunga wetu wa bondeni ambao ukichemka harufu yake inafika barabarani. Shangazi alikula. Aliongeza. Asubuhi akaomba kufungiwa wawili kwenye gazeti, na bibi alimfungia watatu bila neno, ila alinikonyeza.

Nimechelewa makusudi kufika kwenye mtungi. Nivumilie.

Kulikuwa na miaka ambayo kiangazi kilikaza mpaka bonde likapasuka nyufa za kuingiza mkono. Kabla kidimbwi cha mwisho hakijakauka, bibi alikwenda peke yake na kapu, akarudi na kambare watatu walio hai, majike mawili na dume mmoja, akisema anawajua kwa matumbo. Aliwatia kwenye mtungi mkubwa wa udongo uliokaa pembeni mwa jiko, akaufunika kwa kawa na juu yake akaweka jiwe, maana kambare huruka. Hao walikuwa mbegu. Hawakuitwa kitoweo, hata kwa mzaha. Masika yakirudi, bibi aliubeba mtungi kichwani mpaka bondeni, nasi nyuma yake, akawamwaga taratibu huku akiwasemesha. Nyumba zote za kwetu zilikula kambare mwaka huo na kusema wametoka mtungini kwa bibi. Sijui kama ilikuwa kweli. Tuliamini, naye aliamini kuliko sote.

Mtungi ule ulikuwa pia jibu lake. Watu wa kununua ardhi walianza kuja nikiwa mdogo, wakiletwa na mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa amechoka na mpunga na mbu. Bibi aliwakaribisha, akawapa maji, kisha akawaingiza jikoni, akaondoa jiwe na kufunua kawa. "Nikiwapa bonde," aliwauliza, "hawa niwapeleke wapi?" Wageni walicheka, wakaaga. Mjomba alikasirika siku mbili, yakaisha.

Kazi ya kubadilisha maji ya mtungi ilikuwa yangu. Nilipewa nikiwa na miaka tisa, na nilijiona mtu mkubwa. Kila baada ya sala ya alfajiri nilikwenda kisima cha bondeni, kule chini kwenye maji matamu, nikarudi na ndoo kichwani, nikapiga hodi kwenye mtungi kabla ya kufunua. Ndiyo, tulipiga hodi. Bibi alisema si adabu kumfunulia mtu nyumba bila hodi. Kisha nilipunguza nusu ya maji ya zamani kwa kata, nikamimina mapya polepole, nikawatupia pumba za mpunga na kumbikumbi wakipatikana. Yule dume alinizoea. Alikuwa akija juu kugusa kidole changu kwa sharubu zake.

Kulikuwa na kisima kingine, karibu, nyuma tu ya nyumba. Tulikiita kisima cha mikokoni. Maji yake yalikuwa ya kuoshea sakafu na kunawia miguu. Siku za kawaida yalikuwa na chumvi kidogo. Siku za bamvua, bahari ilipopanda mpaka kwenye mizizi ya mikoko, yalikuwa bahari yenyewe.

Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi, na kwa jirani kulikuwa na harusi. Ilikuwa siku ya bibi harusi kupakwa hina na piko, na yule mpakaji, mwanamke mwenye mkono mwepesi aliyesifiwa Likoni nzima, alikuwa ameahidi kuwapaka wasichana wadogo wa kwanza kufika. Wa kwanza, nikuambie, si wa mwisho. Kisima cha bondeni kilikuwa kimeshuka, na foleni ya wanawake ilikuwa ndefu. Nilisimama na ndoo yangu njia panda. Nilisikia vigelegele kwa jirani. Nikageuka, nikaenda kisima cha mikokoni, nikateka, nikamimina mtungini harakaharaka bila kupunguza kwa kata, nilimwaga tu nusu ya maji ya zamani na kujaza. Sikupiga hodi. Nilikumbuka hilo nikiwa nimeshafika kwenye mkeka, mikono nimenyoosha, mpakaji ananichorea maua.

Asubuhi ya pili walikuwa juu, matumbo yametazama dari, ngozi imeingia weupe.

Bibi aliniita. Si kwa ukali, aliniita tu kwa jina.

"Abee, bibi."

"Maji haya umeyateka wapi?"

"Kisima cha bondeni."

Alikuwa bado anautazama mtungi, nami nikaogopa ule ukimya, nikaongeza kitu ambacho hakuna aliyekiomba. "Wallahi, bibi."

Ndipo aliponitazama. Macho yake yalianzia usoni yakashuka mpaka mikononi, kwenye yale maua mekundu ambayo bado yalinukia. Akatia kidole mtungini, akakiweka ulimini. Nilijua anavyoonja. Nilijua anachokisikia.

"Haya," alisema.

Basi. Alizika kambare watatu chini ya mlimao, akausafisha mtungi, akaupindua kinywa chini. Mchana majirani walipouliza, aliwaambia, "Kiangazi kimewaua." Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mchele. Alisema mbele yangu, akijua nasikia, na hakunitazama.

Ungenipiga, bibi. Mpaka leo nasema hivyo. Fimbo mbili tatu, nikalia, yakaisha, ukawaambia watu huyu mtoto mzembe amewaua. Lakini bibi yangu hakuwa mtu wa kumvua mtoto nguo mbele za watu. Alinisitiri, na kunisitiri kule kulimgharimu bonde zima.

Maana mwaka ule masika yalichelewa mno, kisha yakaanguka kwa siku nne. Ziwa lilikuja jekundu, fupi, lenye harufu. Ulikuwa mwaka wa kambare kama kulikuwa na mwaka wa kambare duniani. Bibi aliingia, akaonja, akasema "Mazito," akatega migono kwenye kina. Asubuhi tatu mfululizo tuliivuta mitupu. Vyura, basi, na makaratasi. Labda tulikuwa na haraka. Labda kambare walikuwa chini ya tope wakingoja maji yatulie, kama nijuavyo leo wanavyofanya. Siku ya nne bibi aliiangika migono chini ya paa, akasema, "Mbegu zimekwisha."

Mjomba alikuja na mgeni baada ya mwezi. Bibi aliwapa maji. Mgeni alieleza maneno yake, bibi akasikiliza, na alipomaliza tukangoja sote ainuke awaingize jikoni. Hakuinuka.

"Mama," mjomba alisema, na nikiri kwamba alisema kwa upole, "bonde lile limekufa. Maji yameharibika. Hata wale wa mtungini ulikaa nao ndani, ukawalisha, na wamekufa. Sasa kunabaki nini pale? Mbu tu."

Jibu lilikuwapo. Lilikuwa limekaa kwenye kigoda karibu na mlango, lina miaka kumi, na hina imefifia kwenye kucha. Bonde halikuwaua. Maji ya bondeni hayakuharibika. Ni ndoo moja ya kisima cha mikokoni. Bibi aligeuza uso wake akanitazama, mara moja tu, kisha akautazama mkeka. Sasa ninapokumbuka naona kwamba alikuwa ananipa nafasi. Alinipa nafasi nami nikainama nikaanza kukwangua kucha.

"Nyinyi ndio mnaobaki," alimwambia mjomba. "Fanyeni mnavyoona."

Malori ya kifusi yalikuja kabla ya vuli. Yalimwaga mawe ya matumbawe, mchanga, na taka za majengo kutoka sijui wapi. Nakumbuka sauti ya mawe ya kwanza yakiangukia majini, kisha baada ya siku chache sauti ya mawe yakiangukia mawe. Wanawake hawakwenda tena kutengeneza boma. Bibi hakupita njia ile tena; akitaka kwenda kwa jirani wa upande wa pili, alizunguka kwa juu, kwenye minazi. Alifariki nikiwa darasa la nane. Siku za mwisho niliketi naye sana, nikamkanda miguu, na mara nyingi neno lilifika mdomoni. Nikaona nimngojee apate nafuu kwanza.

Nilipokua nilifunga siku tatu kulipa kafara ya kiapo kile. Sheria ya kiapo inajulikana. Kwa yale maji sijui mtu hulipa nini.

Basi siku ya video nilifunga kitambaa kichwani, nikaaga kazini, nikavuka kivuko kwenda Likoni. Mvua ilikuwa imekatika, na maji yameshuka, yameacha mstari wa tope ukutani. Ni nyumba ndefu, milango inatazamana, nguo zimeanikwa juu. Nilimkuta mama mmoja mwembamba, mtu wa bara, anasukuma tope nje kwa ufagio, mtoto mgongoni. Nikamsalimu, nikamuuliza kuhusu samaki.

"Ule wa video? Ako hapa kwa ndoo. Watu walitaka kumpika nikasema aki huyu ametoka kwa mtaro, atatuua." Alicheka, kisha akaniangalia vizuri. "Kwani ni wako?"

Nikamwambia hapana. Nikamuuliza kama ni mara ya kwanza kumwona.

"Wapi! Hawa huja kila mvua kubwa. Mimi nimekaa hapa miaka saba. Mwaka jana walikuwa wengi mpaka watoto walikuwa wanawashika na basini. Sijui huwa wanatoka wapi, na hapa hakuna mto."

Kila mvua kubwa. Miaka yote hiyo, chini ya kifusi na chini ya sakafu za watu, kwenye mitaro na mashimo, wakizaana, wakingoja maji, na maji yakija wanatoka kulitafuta ziwa. Mbegu hazikuwahi kwisha. Bibi aliiangika migono, akapindua mtungi, akanyamaza mbele ya mgeni, akazunguka kwa juu kwenye minazi mpaka siku anakufa, kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwa kweli. Na kama ningesema neno moja siku ile, angeingia tena kwenye tope na kungoja wiki moja zaidi. Namjua bibi yangu. Angengoja.

Yule mama alinifunulia ndoo. Kambare alikuwa amechoka, mapezi yamechubuka, lakini sharubu zilikuwa zinacheza. Nilitia kidole kwenye maji, nikakiweka ulimini.

"Mama! Unaonja?"

"Maji haya umeyateka wapi?" nikamuuliza, na sauti iliyonitoka nilikuwa sijaisikia kwa miaka thelathini.

"Kisima ya hapa kwa ploti. Iko na chumvi, lakini si ni ya samaki?"

Hakukosea kwa ubaya. Nani angemwambia? Nilitoka barabarani, nikamsimamisha muuza maji na mkokoteni wake, nikanunua jerikeni ya maji matamu. Nilipunguza yale ya chumvi kwa kikombe, nusu, nikamimina mapya polepole kwa ukingo wa ndoo. Nilimwomba yule mama anipe samaki, akanipa pamoja na ndoo yake. Akanisaidia kutafuta kifuniko.

Nilizunguka na kambare yule mchana ule wote. Nilikwenda upande wa mikoko, nikakuta ukuta. Nilikwenda juu kwenye minazi ya bibi, nikakuta vyumba. Mfereji mmoja ulikuwa na povu la sabuni. Hakuna mahali, rafiki yangu, katika Likoni yote niliyokulia ndani yake, palipokuwa na maji ya kumwagia kambare mmoja. Nikarudi naye Chaani, ndoo kati ya miguu, watu kivukoni wakichungulia.

Sasa yuko jikoni kwangu, ghorofa ya tatu, kwenye pipa la plastiki nililolifunika kwa sinia na jiwe juu yake. Wanangu wanauliza tutamrudisha lini. Nawaambia mvua zikija, ndivyo nilivyofundishwa kujibu, nao wanaridhika kwa sababu hawajui kwamba mvua zimekwisha kuja. Kila alfajiri nikitoka kwenye msala nachukua maji matamu, nayaonja kwanza, kisha nakwenda kwenye pipa. Asubuhi ya kwanza nilisimama pale kwa muda mrefu, mkono umeshika sinia.

"Hodi," nikasema.

Nikafunua. Alipanda juu, akavuta pumzi yake, akabaki hapo ananitazama kwa yale macho madogo.

"Bibi," nikamwambia, "nilichota kisima cha mikokoni."